Saizi Hasimami

Mdogo wangu ana miguu ya mtu mrefu na kiwiliwili cha mtu mfupi. Hakuzaliwa hivyo. Kifua kikuu kilimwingia kwenye mifupa ya mgongo, mahali ambapo sisi nyumbani hatukujua kwamba kifua kikuu kinaweza kufika, na kabla hajaanzishiwa dawa baadhi ya pingili zilikuwa zimeshaliwa na kukaliana. Alimeza dawa mpaka mwisho, akapona, lakini urefu wake haukurudi. Alibaki na kinundu chini ya mabega, na mashati yaliyokuwa yakimkaa vizuri sasa yanamfika mapajani.

Kabla ya hapo alikuwa mtu wa baiskeli. Kwetu Murusagamba, wilaya ya Ngara, baiskeli husukumwa zaidi kuliko inavyopandwa. Unaipakia mikungu ya ndizi mpaka yenyewe haionekani, unashika usukani kwa mkono mmoja na mti uliofungwa nyuma kwa mkono mwingine, na kwenye mteremko unaegemea nyuma kwa uzito wako wote ili isikukimbie. Daktari alimwambia mizigo basi. Akamwambia pia aepuke kurushwarushwa, na hapo ndipo alipomfungia ndani, kwa sababu barabara za kwetu hazijui kazi nyingine. Baiskeli yake ilikuwa ya chuma kizito, haina huruma hata kidogo. Kila jiwe ililokanyaga lilimpanda moja kwa moja mgongoni. Alijaribu mara chache, akaiegemeza ukutani, akawa mtu wa kushinda nyuma ya nyumba akichambua maharage na mama.

Mimi ni dada yake, mkubwa kwake, mwalimu wa shule ya msingi Nyarubungo, wilaya ya Biharamulo. Nafundisha Kiswahili na nina hasira za karibu. Wanafunzi wangu hawana haja ya kengele kujua kwamba nimeingia. Nilichokitaka kilikuwa kimoja tu: mdogo wangu atoke nyuma ya ile nyumba. Afike sokoni, afike kanisani Jumapili, afike kwa yule mwanamke wa kitongoji cha jirani ambaye mambo yao yalikuwa yamefika mbali kabla ya ugonjwa, kisha yakapoa kwa sababu tu mmoja hakuweza tena kumfikia mwenzake. Nikaamua kumtafutia baiskeli ya springi mbili, moja kwenye uma wa mbele na nyingine katikati chini ya kiti, zile za mtumba kutoka Ulaya ambazo mafundi wa huku huziita baiskeli za shokapu.

Sikumwambia. Ningemwambia angekataa, angesema fedha hizo zimsomeshe mtoto wa mtu. Likizo moja nilimwendea na futi ya fundi cherehani, nikamwambia simama hapa ukutani nikupime mara moja. Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Nimepimwa vya kutosha, dada," akasema. "Kila aliyevaa koti jeupe amenipima. Na wewe umeanza?" Hakupenda mtu yeyote ashike kinundu chake, hata mama. Nikairudisha futi mkobani, nikamwita kichwa ngumu, akacheka. Jina hilo nilimpa tangu utotoni na lilimstahili.

Baiskeli nilizikuta mnadani, siku ya mnada mkubwa wa Biharamulo, zimepangwa baada ya ng'ombe na kabla ya sufuria. Muuzaji alikuwa Msukuma mmoja mpole wa maneno, mkali wa bei. Aliniuliza anayeipanda ana urefu gani. Nikamwambia swali lake halina jibu. Nilipomweleza juu ya mgongo, aliacha kunichangamkia kibiashara, akakaa chini kwenye boksi lake.

"Basi mwalimu, urefu tuuache," akasema. "Kuna mguu, halafu kuna kufikia. Mguu unakupa kiti. Kufikia kunakupa fremu."

Ndivyo nilivyoanza kujifunza. Fremu ikiwa ndefu, mtu analazimika kulala mbele ili aushike usukani, na mgongo mbovu unabeba kifua chote. Ikiwa fupi mno, magoti yanampiga tumboni na anakunja kiuno. Kwa mdogo wangu nilihitaji kitu ambacho kiwandani hawakukifikiria: kiti cha mtu mrefu, usukani wa mtu mfupi. Kuhusu springi nilitegemea mikono yangu mwenyewe. Nilikuwa nabonyeza kila kiti kwa viganja viwili na kusikiliza. Nyingi zilikuwa springi za mapambo, zimeshika kutu, hazishuki. Nyingine zilishuka vizuri lakini zikarudi kwa ghafla, na hizo nilizichukia kuliko zile zisizoshuka kabisa. Niliondoka siku hiyo na baiskeli mbili kichwani, nyekundu na ya kijivu. Zote zilishuka taratibu na kupanda taratibu. Tofauti yao ilikuwa fremu. Muuzaji akaniahidi kuziweka kando mpaka mnada unaofuata, nimletee vipimo.

Sasa nieleze jinsi tunavyowasiliana na nyumbani. Mama hana simu. Jirani yetu anayo, mama mmoja mwema sana aliyeishia darasa la saba, na mtandao anaupata akipanda juu kwenye migomba yake. Sauti hukatika kila mara, kwa hiyo tunaandikiana. Tunaandikiana Kiswahili. Mama, jirani, mdogo wangu na mimi, wote tumezaliwa ndani ya Kihangaza, tunagombana na kuota ndoto kwa Kihangaza, lakini hakuna aliyewahi kutufundisha kukiandika. Kalamu ilikuja na Kiswahili, na simu nayo ikaja hivyo hivyo.

Siku moja kabla ya mnada niliandika: "Habari za mgonjwa? Nataka saizi. Miguu na mgongo."

Jibu lilikuja jioni: "Saizi hasimami kabisa."

Nilisonya peke yangu ofisini. Nilimwona kabisa alivyokaa na uso wake wa mbuzi, mama akimbembeleza asimame apimwe, naye hataki. Kichwa ngumu. Nikaandika kwa kidole cha hasira: "Basi apimwe hivyo hivyo amelala. Msimsikilize."

"Sawa mwalimu," jirani akajibu.

Msomaji wa Kiswahili ameshaona. Mimi nisomaye na kufundisha sikuona. Katika madaftari ya watoto wangu wa darasa la tano neno "saizi" nimelikata kwa wino mwekundu mpaka kalamu zimeisha. Andika "saa hizi," nawaambia, hatuandiki tunavyokimbia na maneno mdomoni. Lakini siku hiyo mimi mwenyewe niliandika saizi nikimaanisha ukubwa wa fremu, na jirani alisoma saizi kama wote tunavyolitamka. Kwake nilikuwa nauliza hali ya mgonjwa, tena nataka jibu sasa hivi, juu ya miguu na juu ya mgongo. Akanijibu kwa uaminifu. Saa hizi hasimami kabisa. Miguu ya mdogo wangu ilikuwa imeanza kumwacha tangu wiki hiyo, kwanza ganzi, kisha magoti, na asubuhi ile mama alikuwa amemkuta amekaa ukingoni mwa kitanda anaitazama miguu yake, anaiamrisha, nayo haisikii. Na mimi dada yake nikawajibu kwamba apelekwe akapimwe, amelala hivyo hivyo, na wasimsikilize.

Nimewahi kujiambia kwamba ningeandika "kipimo" yote yasingetokea. Si kweli. Kipimo nacho ni cha hospitali. Lugha nzima ilikuwa imesimama upande mmoja na sisi upande mwingine.

Namba za vipimo hazikuja. Nilituma ujumbe mwingine, kimya. Nikaudhika, nikasema basi nitampima kwa mwili wangu. Mimi na mdogo wangu tumerithi miguu ya baba yetu, miguu ya kuvukia mito, na tulipokuwa vijana suruali za mdogo wangu ndizo nilizokuwa nikivaa shambani. Siku ya mnada nikavaa suruali chini ya gauni, nikapanda ile nyekundu mbele ya watu wote. Wazazi wa wanafunzi wangu walisimama kutazama. Mmoja akauliza kwa sauti kama mwalimu anataka kuhamia bodaboda. Nikamwambia amlete mtoto wake shule kwanza, halafu tuongee habari za bodaboda. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, na nasema wazi kwamba nilikuwa na furaha saa ile. Nilikuwa nafurahi kwenye mnada wa ng'ombe, kwenye jua, nimepanda baiskeli ya kiume.

Kwenye ile nyekundu nilijikuta nimelala mbele. Kama mimi mwenye mgongo mzima nilisikia maumivu kiunoni, yeye angeshindwa kabla ya kutoka uani. Ya kijivu ilikuwa na fremu ndogo, ya mtu mfupi au kijana, lakini nguzo ya kiti chake ilikuwa ndefu isivyo kawaida. Muuzaji akaipandisha mpaka karibu na alama iliyochongwa ubavuni, akanionya nisiipite hiyo alama, nguzo itakatika. Nikakaa. Mguu ulinyooka ukabaki na mkunjo mdogo kwenye goti. Usukani ulikuwa karibu mno kwangu, viwiko vimenibana mbavuni, na hapo nilijua ndiyo yenyewe. Nilitoa mgongo wangu na kuweka wa kwake, nikaona viwiko vinavyolegea vizuri. Nikasema naichukua.

Nilikuwa bado nimeushika usukani simu ilipolia. Ilikuwa namba ya jirani, lakini safari hii sauti ilikuwa safi, haikatiki, maana walikuwa Ngara mjini, hospitalini. Alikuwa mama. Kwa Kihangaza, ambacho hakikunidanganya hata siku moja, aliniambia wamempeleka mwana kupimwa kama nilivyoagiza, na kwamba sasa haisikii miguu hata akichomwa sindano.

Sikumbuki nilichomwambia muuzaji. Baiskeli nilimwachia mwenzangu wa shule aliyekuwa mnadani, nami nikatafuta gari la Ngara kama nilivyo, na suruali yangu chini ya gauni.

Nilimkuta mama kwenye benchi nje ya wodi. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia marahaba akaanza kunishukuru. Hilo sikulitegemea. Alikuwa amewasimulia wanawake wote wa benchi lile kwamba binti yake mwalimu ndiye aliyegundua kutoka mbali, kwamba yeye na jirani walikuwa wanasubiri wakidhani atapata nafuu, lakini mwalimu aliandika apelekwe akapimwe bila kuchelewa. Wanawake wale wakanipa pole na heshima. Mmoja akanipisha nikae.

Jirani alikuwapo, miguu yake imejaa vumbi mpaka magotini. Ndiye aliyenisimulia safari. Waliitafuta machela, kwa kuwa ujumbe ulisema amelala. Lakini wanaume wa kubeba walikuwa wameenda mashambani, na dereva wa bodaboda akasema machela ni mambo ya zamani, watafika kesho, yeye atawafikisha kabla ya mchana. Wakamkalisha katikati, dereva mbele na jirani nyuma, wakamfunga kwa kitenge asidondoke. Barabara ile naijua. Mvua ikinyesha huchimbika, jua likiwaka makorongo yanakauka na kuwa magumu kama tofali.

"Alikuwa anapiga kerere tusimame, mwarimu," jirani akasema. "Anaria kabisa, mtu mzima. Dereva akataka kusimama. Nikamwambia hapana, dada yake amesema tusimsikirize."

Alilisema hilo kwa kujivuna kidogo, kama mtu aliyetimiza kazi ngumu aliyopewa. Nilitaka kumpiga kofi. Nasema kweli, mkono ulipanda wenyewe, nikautumia kujifunga kilemba upya. Nilimkasirikia yeye, na dereva, na mama kwa shukrani zake, na wanaume waliokuwa mashambani siku watu wanapohitaji mabega. Nilikasirika zaidi kwa sababu hata ujumbe wangu, katika ile maana ambayo sikuikusudia, walikuwa wameuacha nusu. Ulisema amelala. Laiti wangelitii hilo neno moja.

Daktari alikuwa kijana, mchovu, mwenye adabu. Alisema ugonjwa ulikuwa umerudi, au haukuwahi kuisha wote, na ulikuwa unaubana uti wa mgongo tangu siku kadhaa. Sikutaka kumwuliza, lakini nilimwuliza: safari? Alisema mtu wa aina ile huletwa amelala juu ya kitu kigumu, amenyooshwa. Kama miguu ingebaki au isingebaki, hilo hakuna mtu angeweza kulisema, na mimi nisiende kulitafuta. Kisha akauliza nani aliyeamua aletwe. Mama akawahi kunionyesha mimi. Daktari akanitikisia kichwa, akasema nilifanya vizuri, wengi huchelewa zaidi.

Sikumsahihisha. Kazi yangu ni kusahihisha na sikumsahihisha. Ningemwambia nini mama, kwamba nilikuwa nazungumzia baiskeli? Angehitaji mtu wa kumlaumu, na aliyekuwa karibu ni jirani, ambaye hakulala usiku akimgeuza mwana wa mama kitandani. Nikanyamaza, nikawa mwalimu mwenye akili.

Mdogo wangu walimwanzishia dawa upya. Tulisubiri miguu. Kila nilipofika kumwona nilimkuna nyayo kwa ufunguo wa nyumba yangu, naye anatazama darini, ananiuliza kama nimeshaanza. Walimruhusu arudi nyumbani na miguu ikabaki vile vile.

Baiskeli ya kijivu ilikaa chumbani kwangu Nyarubungo, kati ya kitanda na dirisha. Wenzangu waliniambia niiuze. Nilishindwa. Mtu angekuja kuijaribu, angesema fremu ndogo, kiti kirefu, hii ilitengenezwa kwa ajili ya nani? Likizo ilipofika nikaifunga juu ya basi, na kutoka Ngara nikaipandisha kwenye gari la mizigo mpaka kwetu. Sijui nilitegemea nini. Nilitaka tu mwenyewe aione.

Alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye kiti alichoundiwa na seremala, mama ameenda kisimani. Nilikuja naisukuma kupita migomba. Akaitazama ile baiskeli muda mrefu sana. Aliangalia springi ya mbele, akaangalia ya katikati, akapanda na macho mpaka kwenye kiti nilichokuwa nimekiacha juu, karibu na alama, kisha akauangalia usukani ulivyo karibu. Yeye ni mtu wa baiskeli. Hakuhitaji kuelezwa.

"Saizi," akasema, kwa Kiswahili. Kisha akarudi kwenye lugha yetu. "Ule ujumbe walionisomea, ulikuwa unaulizia saizi ya baiskeli."

"Ndiyo."

"Na lile la kutonisikiliza. Nisisikilizwe nikikataa kupimwa."

"Ndiyo."

Sikulia, maana ningelia yeye ndiye angelazimika kunibembeleza. Nilingoja anitukane. Alikuwa na haki yote na mimi nilikuwa nimeshasimama vizuri kwa ajili hiyo. Lakini alikuwa ameinua mkono, anabonyeza kiti kwa kiganja. Kikashuka taratibu, kikapanda taratibu. Akabonyeza tena.

"Mama anajua?"

"Hapana."

"Usimwambie," akasema. "Jirani naye usimwambie. Nipandishe."

Mama alipofika na ndoo yake tulimpandisha mdogo wangu, mama ameshika usukani upande mmoja, mimi nimempakata kifuani, mzito kuliko nilivyodhani, nikamvusha mguu mmoja kisha mwingine. Mama alikuwa anauliza kichaa gani hiki na anacheka kwa woga. Tulimwegemeza ukutani. Nikaushika mguu wake wa kulia nikauweka juu ya pedeli, nikazunguka nikauweka wa kushoto, nikabaki nimeinama pale nimevishika vifundo vyote viwili visiteleze. Mikono yake iliufikia usukani bila kujivuta. Viwiko vililegea. Mgongo ulikaa wima, na kinundu hakikuguswa na kitu chochote. Alijinyanyua kidogo kwa mikono akajiachia, springi ikampokea.

Alikuwa anatazama mbele, juu ya migomba, upande inakopita barabara ya kanisani.

"Dada," akasema, "miguu imefika?"

Niliitazama chini ya mikono yangu. Nyayo zilikuwa zimelala sawasawa juu ya pedeli.

"Imefika," nikamwambia.